Nilichagua mashini kwa macho, mukono wa Mama Feza ukalipa

Kosa ni langu. Nasema mapema, usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia wa kumubebesha: mashini, umeme wa Kindu, vita, shetani. Hapana. Ni mimi, kwa mikono yangu miwili na kiburi changu.

Jina langu musiliandike. Hapa Alunguli, upande huu wa muto wa Kindu, watu wanajuana mpaka kwa kikohozi. Wenye watanitambua watanitambua, basi, nimechoka kujificha. Niseme tu kwamba mimi ni mwanamuke, nilikimbia vita nikiwa bado musichana, na kazi yangu ni kuchora tatuaji. Ndiyo, mwanamuke mwenye kuchoma watu sindano kwenye ngozi! Wamenisema kanisani, wamenisema sokoni, nikazoea.

Siku hizi vijana wa kazi hii wananifuata, wananiita Yaya, dada yao mukubwa. Yaya, nichague mashini gani ya bila waya? Hii ama ile? Wananionyesha picha kwenye simu. Njo maana nimekaa kuandika. Sitaki kurudia kueleza kwa mudomo, nguvu sina tena.

Zamani nilikuwa na mashini ya waya. Kama hujawahi kuiona, iko hivi: unaishika mukononi, waya wake unaenda kwenye kisanduku cha kupimia nguvu, mwingine unashuka chini kwenye kanyagio la muguu, mwingine tena unaenda kwenye batri ya gari, na batri inakula jua kutoka kwenye pano, kile kibao cha kuvuta jua, niliyoifunga juu ya bati. Waya kila mahali! Muteja akiruka kwa maumivu, kitu kinachomoka. Ilikuwa nzito, ilikuwa inanguruma, na mukono wangu ulikuwa unakufa ganzi mpaka siwezi kumenya ndizi mangaribi. Nilikuwa naitukana kila siku. Lakini ile takataka ilikuwa inanilazimisha kwenda polepole, na hiyo sikuijua mpaka nilipoikosa.

Walionitia tamaa ni wachimba dhahabu wa kule machimbo ya Kama. Wale vijana wakipata kitu wanataka simba kwenye bega, wanataka jina la mama yao kwenye kifua, na wanataka leo, palepale kwenye machimbo. Sasa utapanda pikipiki na batri ya gari mapajani? Nilifanya hivyo, asidi ikanila kikwembe, kitenge changu cha kujifunga. Kwa hiyo kutaka mashini ya bila waya halikuwa kosa. Mutu wa kazi anazunguka, waya unamufunga. Kosa lilikuwa namna nilivyochagua.

Kule ng'ambo ya muto, mujini, kuna muchuuzi mumoja wa kutoka Butembo, papa wa heshima, anauza simu na vyuma vya pikipiki. Nilimuagiza, akaleta mbili nichague. Moja ilikuwa nene, nyeusi, mbaya kwa sura. Ya pili ilikuwa nyembamba kama kalamu, rangi ya dhahabu, nyepesi, ukiiwasha husikii kitu, ni kama mbu aliye mbali.

"Mama, chukua hii nene," akaniambia. "Batri yake inachomoka. Utakuwa na ingine pembeni, moja ikikufa unatia ya pili. Na iko na tundu la waya. Siku mbaya unarudia waya wako, kazi haisimami."

"Hiyo? Papa, iko kama muchi wa kutwangia majani ya sombe!"

"Na hii ya kungaa batri yake iko ndani kabisa. Ikikufa, imekufa mpaka uichaji. Kindu hii na mawingu yake! Mimi nauza zote mbili, hasara sina. Nakuambia tu."

"Wewe ulishachora nani?" nikamuuliza, nikacheka. Watu waliokuwa dukani nao wakacheka. Yeye akanifungia ile ya dhahabu kwenye sanduku lake.

Kuna jambo lingine sikuliuliza. Kila mashini iko na urefu wa safari ya sindano, yaani sindano inatoka na kurudi kiasi gani. Ile ya dhahabu safari yake ilikuwa ndefu, inapiga kwa nguvu. Kwa bega la muchimbaji, ngozi ngumu kama soli, ni sawa kabisa, kazi inaisha haraka. Kwa ngozi ya muzee, iliyolegea, ni kupiga karatasi kwa nyundo. Mashini ya mutu wa kazi inatakiwa ikubali kupunguzwa. Yangu ilikuwa inakubali kuongezwa tu. Mimi niliangalia nini? Rangi!

Na ile ya zamani nikamuuzia kinyozi mumoja aliyekuwa anahamia Kama. Nikaona sina haja nayo. Nikabaki bila pa kurudia.

Nilijisikia, jamani. Nilikuwa navuka muto kwa mutumbwi na mashini yangu kwenye mukoba, kama daktari. Nafika kwa watu, naitoa, wanashangaa. "Waya iko wapi?" "Waya ya nini?" Nilijibu hivyo kila mahali, na kila mara nilicheka.

Sasa nimutaje Mama Feza. Jina si lake, nimemupa.

Ni jirani yangu, mujane, anauza mafuta ya mawese mbele ya nyumba yake. Mwanamuke mupole, mwenye kuvaa mikono mirefu hata jua likichoma. Kila muntu wa mutaa anajua habari yake: miaka ya vita alikimbia na binti yake mudogo, Riziki, kwenye njia za pori kuelekea Lubutu. Risasi zikalia, watu wakatawanyika, mukono wa mutoto ukaponyoka kwenye mukono wake. Hakumuona tena. Mutoto alikuwa bado wa kubebwa akichoka kutembea. Tangu hapo Mama Feza anamutafuta. Kila mugeni kutoka pande zile anamuuliza. Sisi jirani tulikuwa tumeshachoka kwa niaba yake. Yeye hakuchoka.

Na hapa nijilaani vizuri. Miaka ile mimi niliona. Niliona kwa macho yangu! Karibu na muto wanawake walikuwa wanakaa kwenye foleni kwa mama mumoja mwenye sindano ya kushonea na masizi ya taa. Anatoboa, anapaka, mutoto analia, mama wa mutoto analia. Anayejua kusoma anachorwa jina, asiyejua anachorwa alama ya nyumba yake. Ili tukipotezana, tuweze kujuana. Nilisimama pale nikaangalia, labda hata kazi hii iliniingilia pale. Kiisha nikasahau! Mimi, wa sindano!

Mama Feza alikuja muchana mumoja wa mawingu. Nilikuwa na wateja wawili wanangoja kwenye benchi. Asubuhi nilikuwa nimemuchora motari mumoja, dereva wa pikipiki, mugongo muzima, jua halikutoka, na mashini ilikuwa imeshaanza kuwasha taa yake nyekundu.

Mama Feza akaketi, akapandisha mukono wa nguo, wa kushoto. Ndani ya mukono, kutoka karibu na kiwiko mpaka karibu na kifundo, kulikuwa na muchoro wa zamani, wa sindano ya mukono, namna ya msuko wa mukeka. Umefifia, rangi imekuwa ya majivu.

"Mutoto wangu," akasema, "hii imenipotea. Na macho yangu nayo yanapotea. Nirudishie iwe nyeusi. Kama ilivyo. Usiongeze kitu, usipunguze kitu."

"Hakuna shida, mama."

Hayo tu! Sikumuuliza nani alimuchora. Sikumuuliza ni ya nini. Mutu wa kazi akitaka kurudishia alama ya zamani, anaweka kwanza karatasi nyororo juu ya ngozi, anafuata kila mustari kwa kalamu, anamuonyesha mwenye ngozi, anangoja aseme ndiyo. Mimi mwenyewe nawafundisha vijana hivyo. Lakini ile taa nyekundu ilikuwa inanitazama. Na wale wawili kwenye benchi nilikuwa nimeshawaambia mashini yangu haisimamagi. Ningesema, "Mama, rudi kesho jua likitoka." Maneno mafupi tu! Kwa kiburi sikuyasema.

Nikaanza. Mama Feza akageuza uso kwenye ukuta, akawa anaomba kimyakimya, midomo inatembea. Hakuangalia. Nilikwenda mbio. Kadiri batri inavyoshuka, sindano inapungua nguvu, haitii wino, inakwaruza tu. Ikikwaruza, unagandamiza. Ukigandamiza ngozi ya muzee, wino unasambaa chini kwa chini. Nikaona unasambaa. Nikasema utatulia.

Nikafika kwenye ukingo wa nje wa ule muchoro, upande wa kidole gumba. Pale mistari ilikuwa inatoka kwenye msuko na kukatika hewani. Imeachwa wazi, haikufungwa. Na mumoja katikati ulikuwa umepinda vibaya, kama aliyechora aliguswa kiwiko. Nikamuhurumia yule aliyechora, masikini, na sindano yake ya kushonea. Nikasema alichoka, ama risasi zililia, hakumaliza. Basi mimi nimumalizie.

Nikaunyoosha ule uliopinda. Kiisha nikafunga mistari yote kwa mustari mumoja murefu, safi, kutoka juu mpaka chini. Ukingo muzuri! Ulikuwa muzuri, siwezi kudanganya. Mashini ikazimika wakati ule ule nainua mukono, na wale wa kwenye benchi wakapiga makofi. Nikacheka nao.

Mama Feza akasogeza mukono karibu na macho.

"Imekuwa nyeusi," akasema. "Iko sawa na ile?"

"Iko sawa, mama. Hata nzuri zaidi."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Akanibariki. Ile baraka naisikia mpaka leo nikifumba macho.

Kiangazi kilipofika, yule muchuuzi wa Butembo, ambaye magari yake yanapita Lubutu, akaleta habari. Kule Obokote, pande zile zile za Lubutu, kuna mwanamuke kijana aliyeokotwa porini na familia ya wakulima miaka ya vita. Ana muchoro kwenye mukono. Nitamuita Aziza, kwa sababu njo jina walilomulea nalo wale wakulima, karibu hivyo. Mama Feza akamutumia nauli. Akaja.

Lazima ujue kwamba hakuwa wa kwanza. Walishakuja wengine. Kulikuwa na mumoja aliyejichora kwa makaa na mafuta, akakaa, akala, akapewa kikwembe, akapotea nacho. Mama Feza hakuwahi kumuambia muntu yeyote ule muchoro unasema nini. Kama kila muntu anajua, kila muntu atauiga. Njo maana hakuniambia na mimi. Lakini ningemuuliza, nani anajua? Labda angefunga mulango akaniambia.

Asubuhi Aziza alipofika, mutaa muzima ulikuwa uwanjani kwa Mama Feza. Akaniita na mimi. "Wewe unajua ngozi," akasema. "Simama hapa karibu yangu." Nikasimama kifua mbele!

Aziza alikuwa na mutoto muchanga mugongoni. Muchovu wa njia, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akasalimia kwa kupiga goti kidogo. Nilimuangalia. Mudomo ule. Namna ya kuinamisha shingo. Siwezi kuapa, lakini niliona kitu.

Mama Feza akasema mbele ya wote, mara ya kwanza katika maisha yake:

"Yule mama wa sindano alitukalisha pembeni pembeni, kama watu wanaotembea njiani. Mukono wangu wa kushoto umeshika wake wa kuume. Akaiunganisha mikono yetu, akachora mukeka mumoja juu ya mikono miwili. Mistari inatoka kwangu, inaingia kwake. Akaniambia: mama, siku mukikutana, mistari itaendelea. Lete mukono."

Ee Mungu wangu.

Aziza akakunja nguo. Mukono ulikuwa umekua, na muchoro umekua nao, mistari imetawanyika kama inavyokuwa ngozi ya mutoto ikipanuka. Lakini ilikuwa pale. Ukingo wazi. Na mustari mumoja wa katikati umepinda vibaya, kama aliyechora aliguswa kiwiko.

Wakaiweka mikono pamoja. Mistari ya Aziza ikaja mpaka ukingoni, ikagonga ukuta wangu. Ule ukingo wangu safi.

Mama Feza akainama, akapitisha kidole. Akarudia. Akamuomba asogee kwenye jua. Akapitisha tena.

"Ya kwako inakuja," akasema pole pole. "Lakini kwangu hakuna pa kuingilia. Na huu wako umepinda. Wangu umenyooka."

"Mama," Aziza akasema, "mimi nilikuwa mudogo. Nakumbuka tu harufu ya mawese kwenye shingo ya muntu aliyenibeba."

"Kindu hii nani hanuki mawese?" mwanamuke mumoja akasema nyuma. Watu wengine wakacheka. Hawakuwa na ubaya, walikuwa wameshaona waongo wengi.

Mama Feza akaachia ule mukono.

"Si wewe, mwanangu. Pole. Umetoka mbali, kula kwanza."

Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, karibu yake, kama alivyoniambia. Ningefungua mudomo. "Mama, ukingo huo ni mimi niliufunga." Maneno hayafiki hata pumzi moja! Nikaangalia watu. Wateja wangu walikuwemo. Wale waliopiga makofi walikuwemo. Nikasema moyoni, nitamuambia kesho asubuhi tukiwa wawili, bila kelele. Nikaenda nyumbani, nikalala na nguo.

Alfajiri nikasikia pikipiki ikiwaka. Aziza hakutaka kungojea hata chai. Alikuwa amelala kwa Mama Feza kama mugeni, akaondoka kama mugeni.

Nikasema basi, keshokutwa. Wewe unayesoma unajua hii keshokutwa. Kila siku ikipita, kusema kunakuwa kugumu zaidi, maana sasa unatakiwa ueleze na kunyamaza kwako. Mvua zikaanza. Nikaacha kununua mafuta kwake, nikawa nazunguka nyuma ya nyumba kama mwizi. Nilikonda. Watu wakasema niko na ugonjwa. Lakini kazi nilifanya! Nilichora, nilicheka, niliwaonyesha watu mashini yangu ya dhahabu. Hata sijui niliwezaje.

Kiisha siku moja akaingia kwangu mwenyewe. Akaketi kwenye kiti kile kile. Akapandisha nguo.

"Funika yote," akasema.

"Nini, mama?"

"Tia nyeusi tupu, isionekane kitu. Nimechoka kungojea. Nikiangalia huu mukono sipati usingizi. Funika, mutoto wangu, nipumzike."

Jua lilikuwa kali siku ile. Batri ilikuwa imejaa. Mashini iko mukononi mwangu, nyepesi, tayari, na hakuna muntu mwingine ndani. Ningefunika ningekuwa nimefuta kila kitu, kosa langu na ushahidi wake. Nakiri: niliwaza hivyo. Kwa muda niliwaza hivyo, nikiwa nimekwisha kuvaa glavu.

Nikaweka mashini chini. Nikapiga magoti.

Nikamuambia yote. Taa nyekundu, wale wa kwenye benchi, ule mustari uliopinda nilivyounyoosha, ukingo. Nililia mpaka kamasi. Yeye hakulia.

"Ulisema iko sawa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na siku ile ulikuwa umesimama karibu yangu."

"Ndiyo."

"Uliona mukono wake."

"Niliuona, mama. Ulikuwa umepinda palepale."

Akashusha mukono wa nguo, akafunga kifungo. Kilimushinda, vidole vilikuwa vinateleza, nikataka kumusaidia, akanitoa mukono. Afadhali angenitukana! Angenipiga na kiti ningeshukuru.

"Nichoree kwenye karatasi," akasema. "Namna ilivyokuwa. Nimupelekee Aziza aone kwamba niliiangalia vibaya."

Nikachukua karatasi. Nikachukua kalamu. Nikakaa. Ilikuwa mistari mingapi? Ilitoka kwa juu ama kwa chini? Sikumbuki! Niliichora juu yake, na sikuiona. Kama ningeifuata kwanza kwa karatasi, kama nilivyofundisha wengine, ingekuwepo ndani ya sanduku langu. Nikamurudishia karatasi nyeupe.

Akaitazama, akaikunja, akaenda nayo vilevile.

Simu kule Obokote haipiti. Akaamua kwenda mwenyewe, muzee yule, kwa pikipiki, kwenye matope ya mvua. Nikamuambia nitamusindikiza, nitasema mimi mbele ya Aziza. "Wewe baki," akasema. Akaenda.

Aliporudi, aliniita. Tukakaa kwenye mukeka nyuma ya nyumba yake, na akanisimulia bila kupandisha sauti, huku anachagua mchele.

Aziza alimupokea vizuri. Alimuchinjia kuku. Alimupa kitanda chake, yeye akalala chini na watoto. Asubuhi Mama Feza akamueleza yote, na kosa langu, na kunyamaza kwangu. Aziza alikuwa ananyonyesha. Alisikiliza mpaka mwisho. Mama Feza akamuomba: tuunganishe mikono tena, sasa najua, hata kama ya kwangu imefungwa nitaiona kwa ndani.

Aziza akavuta nguo, akafunika mukono wake.

"Mama," akamujibu, "nilishapimwa mbele ya watu. Sitapimwa tena. Nimekusamehe, na huyo aliyekuchora nimemusamehe pia. Lakini siku ile, tangu nilipofika mpaka nilipoondoka, uliangalia mukono wangu. Uso wangu haukuuangalia hata mara moja."

Mama Feza akaacha kuchagua mchele.

"Na ni kweli," akaniambia. "Sikuuangalia. Nilikuwa naogopa kuupenda kabla mistari haijaungana."

Nikamusaidia kuchagua mchele mpaka ukaisha.

Huyo njo mwanamuke niliyemuharibia. Mumoja na binti yake, na wajukuu wanaokua kule Obokote bila kujua wana nyanya Kindu. Sina njia ya kurudishia. Mashini ya dhahabu iko bado, nimeifunga kwenye kitambaa, sijaigusa tangu siku ile. Nachora kwa mashini nene nyeusi, ile ile, nilirudi kwa muchuuzi nikainunua na batri zake mbili na waya wake. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Sasa nyinyi vijana munaoniuliza. Chukueni yenye batri ya kuchomoka. Chukueni yenye kukubali waya siku ya mawingu, yenye safari ya sindano inayopunguka, yenye uzito ambao mukono wako unaubeba bila kukimbia. Ya zamani musiiuze. Taa nyekundu ikiwaka, musimame, hata kama mutaa muzima unaangalia, hata kama wanacheka. Na muntu akija na alama ya zamani, hata kama imepinda, hata kama unaona haikumalizika, wekeni mashini chini kwanza mumuulize: nani alikuchora, na nani anakungojea? Akikataa kujibu, mumuache na alama yake ilivyo. Tafadhali. Nawaomba kama muntu anayepigia watu magoti.

Mimi sikuuliza. Mama Feza akipita mbele ya mulango wangu ananisalimia, ananiuliza kama nimelala salama, kama watoto wamekula. Ananisalimia vizuri kabisa, kila siku, na kila siku namujibu nikiangalia chini.